Nyasi Zilirudi. Watu Je?

Tarehe 21 Aprili 1948, mzee mmoja wa miaka 61 alikufa akizima moto wa nyasi. Moto ulianza kwa jirani, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, na ulikuwa unaelekea kwenye misonobari ambayo yeye, mke wake na watoto wao walikuwa wameipanda kwa mikono. Moyo ulisimama akiwa palepale kwenye nyasi. Jina lake lilikuwa Aldo Leopold. Kitabu chake, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka uliofuata, na mpaka leo ukiingia darasa lolote la mazingira utakutana nacho.

Mwaka huohuo wa 1948, katika chuo kikuu alichofundisha Leopold, wanasayansi wawili, John Curtis na Max Partch, walichapisha utafiti mfupi kuhusu moto. Walikuwa wamegundua kwamba shamba ambalo Leopold na wenzake walijaribu kuligeuza liwe mbuga ya nyasi kwa zaidi ya miaka 10 lilikosa kitu kimoja: kuchomwa. Walipanda, walimwagilia, waling'oa magugu, lakini bila moto kazi ilikuwa haiendi mbele.

Nimekaa na hadithi hii karibu mwaka mzima. Wacha nieleze iliniingiaje.

Mimi naishi kwa kuuza maneno. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo ni kazi za hapa na pale: leo wasifu wa kampuni, kesho tangazo la ploti. Kuna wakati nilipewa kazi ya kuandika maneno 400 kuhusu mtaa mpya, wa geti na askari, uliojengwa juu ya shamba la zamani la kahawa kule Kiambu. Maelekezo yalikuwa mafupi. Nitaje "mandhari ya kiikolojia". Niseme ardhi "imerudishwa katika hali yake ya asili".

Nikakwama hapo. Asili ya lini? Kabla ya nyumba kulikuwa na kahawa ya mlowezi. Kabla ya kahawa kulikuwa na mashamba ya Wakikuyu, viazi vitamu na mtama na mbuzi. Kabla ya hayo, msitu. Mtu akisema "asili", ameshachagua tarehe. Na akichagua tarehe, ameshachagua pia ni nani ahesabiwe na ni nani asihesabiwe.

Maneno 400 niliyaandika, nikalipwa. Lakini nilitaka kujua huu mchezo wa kurudisha shamba liwe kama zamani ulianza wapi. Njia ikanipeleka Madison, mji mkuu wa Wisconsin.

*

Ukimtajia Mnairobi neno Arboretum, atafikiria ile iliyo karibu na State House, mahali pa pikiniki na picha za harusi. Yetu ilianzishwa 1907, serikali ya kikoloni ikijaribu miti inayokua haraka ili reli isikose kuni. Arboretum ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ilizinduliwa rasmi tarehe 17 Juni 1934, na siku hiyo Leopold alisimama akatoa hotuba yenye wazo jingine kabisa. Alisema kukusanya miti ya kila aina na kuipanga kwa safu hakutoshi. Alitaka chuo kijenge upya kipande cha Wisconsin kama ilivyokuwa walowezi walipoingia, miaka ya 1840, ili watu waone walikoanzia na waone walichoharibu.

Wakati ule hawakuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba kuna kitu kimeharibika. Mwezi mmoja tu kabla ya hotuba hiyo, Mei 1934, dhoruba ya vumbi iliyotoka nyanda za magharibi ilivuka nchi hadi ikafika New York. Udongo wa mashamba ya watu ulikuwa unapita angani juu ya majumba marefu.

Hiyo ardhi ilikuwa imeshikwa na nini kabla ya jembe? Nyasi. Wamarekani waliita mbuga hizo za nyasi ndefu prairi. Ukiziangalia kwa juu unaona nyasi na maua, basi. Kazi yenyewe iko chini: mizizi inayoshuka mita mbili, tatu, imefumana kama mkeka. Majembe ya mbao na chuma cha kalibu yaligandwa na udongo huo. Mwaka 1837 fundi chuma aliyeitwa John Deere, huko Illinois, alitengeneza jembe la chuma laini cha pua ambalo udongo uliteleza juu yake. Ndiyo, huyohuyo wa matrekta ya kijani. Ndani ya maisha ya mtu mmoja hivi, prairi ya Wisconsin ikageuka kuwa ngano, kisha mahindi na ng'ombe wa maziwa. Iliyobaki leo ni chini ya asilimia moja.

Eneo walilopewa Leopold na wenzake lilikuwa shamba lililolimwa kwa miongo mingi, halafu likaachwa kuwa malisho ya farasi. Profesa wa mimea Norman Fassett alipendekeza hapo ndipo prairi irudishwe. Msanifu mandhari, William Longenecker, alisimamia mpango wa Arboretum yote. Swali likawa moja: nani atashika jembe?

*

Hapa ndipo hadithi inakuja karibu na wasee wa rika langu.

Marekani ya miaka ya 1930 ilikuwa imejaa vijana wasio na kazi. Rais Franklin Roosevelt alianzisha 1933 mpango ulioitwa Civilian Conservation Corps, wa vijana wa kiume ambao hawajaoa. Walikaa kambini, wakavaa sare, wakapanda miti na kujenga barabara za mbugani. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kati ya hizo 25 zilitumwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Wewe unabaki na tano za sigara.

Sisi tuliojitokeza kufyeka na kuzibua mitaro wakati wa Kazi Mtaani, 2020, tunaielewa hiyo hesabu bila kufundishwa. Kinachonigusa ni kwamba historia ya usanifu wa mandhari huandikwa kwa majina ya maprofesa. Walioinama ni vijana. Kambi ya Madison ilifunguliwa 1935 na kufungwa 1941, na bila kambi hiyo hotuba ya Leopold ingebaki karatasi.

Mwaka 1936 chuo kilimwajiri Theodore Sperry, mtaalamu wa mizizi ya prairi, awaongoze. Hakukuwa na kitabu cha kufuata maana hakuna aliyewahi kufanya kitu kama hicho kwa ukubwa ule. Kwa hiyo walifanya kazi kama mtu anayehamisha nyumba tofali kwa tofali. Walienda kwa lori kwenye vipande vidogo vya prairi vilivyosalia, wakachimba mabonge ya nyasi pamoja na udongo na mizizi yake, wakayaleta shambani na kuyafukia moja moja. Kila aina ilipewa fungu lake. Zaidi ya aina 40 zilipandwa hivyo.

Na mwaka wenyewe waliouchagua! Kiangazi cha 1936 ni kati ya vikali zaidi katika kumbukumbu za Marekani. Vijana walimwagilia mimea huku joto likivunja rekodi. Mingine ilikufa. Mingi, kwa kuwa mizizi yake ilizoea shida, ilishika.

*

Lakini palikuwa na mwenyeji asiyetaka kuondoka: nyasi za Kentucky. Ukisikia jina utadhani ni za huko. Kumbe zilikuja na Wazungu kutoka ng'ambo ya bahari, zikapandwa kwa malisho, na leo ndizo kapeti ya kijani mbele ya nyumba nyingi za Marekani. Ni nyasi fupi, nzito, zenye mizizi ya juujuu iliyoshikana. Shambani pale zilikuwa zimetandaa kila mahali. Unapanda mmea wa prairi, nyasi za Kentucky zinaufunika. Unang'oa, zinarudi.

John Curtis akaanza kujaribu moto mwaka 1941, kwenye vipande vidogo, kwa kulinganisha: hapa tunachoma, hapa hatuchomi. Matokeo yalikuwa wazi. Ukielewa kalenda ya mimea yenyewe utaona ni kwa nini.

Nyasi za Kentucky hupenda baridi. Theluji ikiyeyuka tu, zinaamka na kuanza kuota. Nyasi za prairi hupenda joto, kwa hiyo wakati huo bado zimelala chini ya udongo. Ukiwasha moto mapema majira ya kuchipua, unamkuta mmoja amesimama nje akiwa kijani, na mwingine yuko ndani salama. Moto ukishapita, ardhi inabaki nyeusi na wazi. Jua linaipasha haraka, takataka ya nyasi kavu imeondoka, na nyasi ndefu za prairi zinapanda bila mtu wa kuzibana, nyingine hadi zinampita mtu mzima urefu. Miche ya miti na vichaka, ambayo ingegeuza mbuga kuwa kichaka, nayo inaungua.

Kuanzia 1950 hivi kuchoma kukawa sehemu ya kawaida ya kazi pale, na ndivyo ilivyo hadi leo. Curtis alifariki 1961, na mahali hapo pakapewa jina lake: Curtis Prairie. Ni ekari zaidi ya 70. Wengi huitaja kama mbuga ya kwanza duniani kurudishwa kisayansi juu ya ardhi iliyokuwa shamba.

Hiyo ndiyo hadithi ya fahari, na ni ya kweli. Sasa tuulize swali ambalo kwenye hadithi ya fahari huwa linarukwa. Huo moto wa zamani, ule uliofanya prairi iwe prairi tangu mwanzo, ulikuwa unawashwa na nani?

*

Radi, ndiyo, wakati mwingine. Lakini kusini mwa Wisconsin moto ulikuwa pia kazi ya watu. Eneo la maziwa ya Madison ni nchi ya Waho-Chunk, nao huliita Teejop, yaani maziwa manne. Watu wa asili wa sehemu zile walichoma nyasi kwa makusudi: ili nyasi mpya zivutie wanyama wa kuwinda, ili njia ziwe wazi, ili misitu ya mialoni isifunge. Walowezi walipoingia na kuzuia moto, nchi ilibadilika mbele ya macho yao. Mahali palipokuwa na mwaloni mmoja mmoja na nyasi katikati, miti ikafunga ndani ya miongo michache.

Kwa hiyo ile mandhari ya miaka ya 1840 ambayo Leopold alitaka irudishwe haikuwa nchi isiyoguswa. Ilikuwa kazi ya mikono ya watu. Ilikuwa, ukipenda, usanifu wa mandhari uliofanywa vizazi na vizazi bila ofisi wala mchoro.

Na watu hao walikuwa wameenda wapi? Mwaka 1832, Waho-Chunk walilazimika kutia saini mkataba uliochukua nchi ya Madison. Mwaka 1837 ukaja mwingine, uliochukua ardhi yao yote iliyobaki mashariki ya mto Mississippi. Wajumbe waliotia saini waliamini wamepewa miaka minane ya kuhama. Karatasi ilisema miezi minane. Baadaye walisukumwa Iowa, kisha Minnesota mara mbili, kisha South Dakota, kisha Nebraska. Wakarudi Wisconsin kwa miguu. Wakafukuzwa tena. Wakarudi tena. Kufikia majira ya baridi ya 1873 na 1874 askari bado walikuwa wanawakusanya kwa nguvu, na bado wengi walirudi. Wapo hadi leo, na ndani ya Arboretum yenyewe kuna vilima vya udongo vilivyojengwa na watu wa kale wa nchi hiyo, karibu miaka 1,000 iliyopita, vingine kwa umbo la wanyama.

Sisemi Leopold alikuwa mtu mbaya. Ila kuna karatasi moja ya ujana wake ambayo inanisaidia kuelewa. Mwaka 1920, akiwa ofisa wa misitu kusini-magharibi mwa Marekani, aliandika makala kupinga watu waliosema misitu ichomwe kidogo kidogo kama walivyofanya wenyeji. Wakati huo maofisa waliliita wazo hilo, kwa dharau, misitu ya Wapaiute, wakitumia jina la kabila la huko. Yaani ujuzi wenyewe ulikuwa matusi. Miaka minne tu baadaye, Leopold mwenyewe, baada ya kuyaangalia makovu ya moto kwenye miti ya Arizona, aliandika kwamba moto ulikuwa na nafasi yake. Alibadilika, na hilo ni la heshima. Lakini ona njia ambayo ujuzi ulipita. Kwanza uliondolewa pamoja na wenyewe. Halafu ukachekwa. Halafu ukagunduliwa upya na profesa, ukapata mwaka na kurasa kwenye jarida.

Mwaka 2019 chuo hicho kiliweka bamba la kumbukumbu linalosema kimejengwa juu ya nchi ya Waho-Chunk. Bamba ni hatua. Lakini nyasi zilirudishwa kuanzia 1935, kwa lori, bonge kwa bonge, kwa fedha za serikali.

*

Msomaji wa Kenya hahitaji nimalizie hesabu. Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai kwenye Bonde la Ufa kwa mkataba, wakawapa Laikipia na eneo la kusini, na mkataba ukaahidi mambo yatabaki hivyo muda wote Wamaasai watakapokuwepo duniani. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, na kufikia 1913 Wamaasai wa Laikipia walikuwa wamesukumwa kusini pamoja na mifugo yao. Nyika ikawa ranchi. Agosti 2004, miaka 100 baada ya mkataba wa kwanza, Wamaasai waliandamana kudai ardhi hiyo, polisi wakawakabili kwa nguvu. Leo baadhi ya ranchi zile ni hifadhi za wanyama, na watalii huambiwa wanaona Afrika ilivyokuwa tangu zamani.

Tangu zamani ya nani? Nyika ile ilitengenezwa na ng'ombe na moto wa wafugaji. Walichoma nyasi kuukuu ili mpya zichipue na kupe wafe. Serikali baada ya serikali imewaita waharibifu kwa jambo hilohilo ambalo Madison hufanywa na watu waliovaa magwanda ya njano na kusomewa utabiri wa upepo kwanza.

Na kuna jingine la leo kabisa. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Nami nimepanda, tarehe 13 Novemba 2023 ile tuliyopewa mapumziko, na sioni ubaya wa mti. Lakini Curtis Prairie inatufundisha kwamba si kila ardhi iliyochoka inadai mti. Nyanda za Athi na Kapiti hazikuwa msitu uliopotea. Ni nchi ya nyasi, na ukiijaza miche utakuwa hujairudisha popote, umeihamisha tu. Kabla ya kuchimba shimo lazima kwanza umuulize mtu anayeijua ile ardhi, na mara nyingi huyo mtu hana cheti. Ni mzee mwenye fimbo, au mama anayejua ni nyasi gani mbuzi huanza nayo mvua ikinyesha.

Curtis Prairie yenyewe haijamalizika. Barabara kuu ya mji inapita upande wake wa kusini, na maji ya mvua kutoka kwenye lami yanaingia mbugani yakileta nyasi nyingine vamizi. Baada ya karibu miaka 90, zaidi ya aina 200 za mimea ya asili zipo pale, na bado wataalamu wanakiri haijafanana na prairi ambayo haikuwahi kulimwa. Kulima huchukua wiki. Kurudisha, wajukuu wanakuta kazi inaendelea.

Ndiyo maana siku hizi nikipewa kazi ya kuandika kuhusu mandhari ya kiikolojia, naomba kwanza majibu ya maswali matatu. Mnarudisha ardhi mwaka gani? Nani alikuwa anaitunza mwaka huo? Na yuko wapi sasa, amepewa nafasi gani kwenye mpango wenu? Wateja wawili waliacha kunijibu. Wa tatu alinipigia simu, tukaongea karibu saa nzima, mwishowe akasema hajui, ila kuna familia mbili za vibarua wa kahawa ambazo zimekaa hapo tangu enzi za babu zao, na atawauliza. Nimemwambia nitaandika akishawauliza.